Chuo cha bata au chuo cha msuli? Swali lenyewe limekaa vibaya

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka tu, simu yangu inaanza. Safari hii alianza mpwa wangu, shikamoo yenyewe hata hajaimalizia vizuri: "Mjomba, eti Mlimani na UDOM wapi wanadisko sana, na wapi kuna maisha?" Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOM ni kile cha Dodoma, na kudisko ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Maisha hapo ana maana bata, yaani starehe, watu, kupendeza, kutoka jioni, yaani vyote alivyonyimwa miaka miwili ya A-level bwenini. Kwa nyuma namsikia mama yake, ambaye ni dada yangu kabisa tumbo moja, anasema mwambie achague chuo cha kusoma, cha msuli, hayo maisha atayakuta mbele huko.

Nikamwambia nitakupigia, mana nilijua nikimjibu papo hapo nitamjibu ovyo. Hili jambo watu wanalibeba kama mzani, huku bata huku shule, ukiongeza huku kule kunapungua, afu wanaenda kutafuta chuo kilichokaa katikati. Mi nasema mzani huo haupo. Au upo, ila vitu vilivyowekwa juu yake sivyo.

Tuanze na hili la "chuo cha bata". Hamna chuo cha bata, kuna kozi. Chukua Mlimani hiyohiyo, chumba kimoja, vitanda vinne: mmoja anasoma uhandisi pale CoET, mmoja sheria, wawili BA. Wa uhandisi ratiba imejaa mpaka jioni, maabara, michoro, praktiko. Wa BA Jumatano nzima hana pindi hata moja. Wakirudi mtaani mmoja atasema Mlimani ni jeshi, mwingine atasema Mlimani ni raha tupu, na wote wamesema kweli. Muhimbili ukienda kusoma udaktari ni miaka mitano na baadaye mwaka mmoja wa intaniship, ukishaanza kuzunguka wodini ratiba yako inapangwa na wagonjwa, sio na wewe. Chuo Kikuu Ardhi waulize wanaosoma usanifu majengo kuhusu kulala studio siku za kukabidhi kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia chuo fulani kina bata, kabla hujashangilia muulize we ulikuwa unasoma nini.

Sasa kuna hesabu moja ambayo ningefundishwa form six ningeshukuru sana. TCU, ile tume inayosimamia vyuo vikuu, wana kipimo wanaita krediti. Krediti moja ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi na hapo wamehesabu kila kitu, lekcha, semina, maabara, asaimenti, mpaka ule muda unaokaa mwenyewe na daftari. Digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360, kwa mwaka 120, ambayo ni masaa 1,200. Semista mbili za wiki kama 15 kila moja ni wiki 30. Gawanya. Yanakuja masaa 40 kwa wiki, yaani saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kama mtu wa ofisini.

Ona sasa yule wa BA mwenye Jumatano tupu. Lekcha na semina zake ukizijumlisha hazifiki hata nusu ya hayo masaa 40. Yaliyobaki hayajafutwa, kaachiwa ajisimamie mwenyewe. Wa uhandisi anadaiwa na kusimamiwa hapohapo, wa BA anadaiwa kimyakimya halafu anakuja kudaiwa yote kwa mpigo wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Ndo mana kozi zinazoitwa nyepesi nazo zinatoa sapu (mtihani wa kurudia somo ulilofeli) kama kawaida, mtu anadhani ana bata kumbe ana deni.

Na hili linawapiga zaidi waliotoka shule kali. Ukitoka Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato, miaka miwili umeishi kwa kengele, kengele ya kuamka, kengele ya prepu, kengele ya kulala, we kazi yako ilikuwa kuitika tu. Chuo hakina kengele. Nimeona watu wa divisheni wani ya pointi tatu wanapotea semista ya kwanza, si kwamba walianza pombe wala nini, hawajui tu saa moja jioni mtu anatakiwa awe wapi.

Haya, wiki ina masaa 168. Toa 56 ya kulala, mana kulala masaa nane sio dhambi. Toa 40 ya shule. Yanabaki 72. Sabini na mbili! Karibu mara mbili ya yale ya kusomea. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusoma vizuri, akacheza mpira, akaenda kwaya, akawa na mchumba, akalala. Sasa mbona watu wanalia hawana muda?

Hapa niongee kwa kirefu kidogo, mana yalinikuta.

Mi nilisoma Dar, chuo sikitaji. Wazazi walikaa wakaona mtoto asikae hosteli, kule kuna vishawishi, bora akae kwa baba mdogo Mbagala ambako ataangaliwa. Chuo kilikuwa upande wa pili wa mji. Natoka saa kumi na moja alfajiri ili niwahi pindi la saa mbili, daladala mbili, na jioni foleni, nafika nyumbani saa mbili usiku nimechoka kama nilikuwa nabeba zege. Kwa wastani masaa manne kwa siku barabarani, siku tano, masaa 20 kwa wiki. Hiyo ni nusu ya masaa ya kusomea yameishia dirishani kwenye daladala (siku nikipata kiti). Afu ukifika nyumbani we sio mpangaji, we ni mtoto wa pale. Maji hayajatoka, kateke. Mdogo wako hajafanya homuweki, msaidie. Bamdogo kaishiwa vocha, kimbia dukani. Na huwezi kununa, unakula bure kwa watu.

Wakati huohuo wenzangu wanaokaa karibu na chuo wanakutana saa mbili usiku baada ya kula, wanapiga diskasheni mpaka saa tano. Mimi saa mbili ndo natua. Madesa, yaani notsi za kusomea, yalikuwa yananifikia yameshapigwa kopi mpaka maandishi yamefifia. Kuna testi moja iliwahishwa, nimeijua imeshafanyika. Mwisho wa semista sapu mbili. Kwenye kikao cha familia mtu mmoja akauliza hivi huyu kwani ana makundi gani? Makundi! Ningekuwa nayo hayo makundi ningefaulu. Bata sikula hata siku moja, na sapu nikapata.

Kwa hiyo mi nikisikia mzazi anachagua chuo kwa kuangalia kama kuna baa karibu nabaki kucheka tu. Angalia kitanda kiko wapi. Watu wa Mlimani wa zamani wanajua habari za kubebana, watu wawili kitanda kimoja ndani ya Hall, sheria inakataza ila mtu anakubali kulala mzungu wa nne mwaka mzima kuliko kukaa mbali, mana kitanda kilicho ndani ya kampasi ni masaa. Zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017, nafasi 3,840, watu wanaziongelea kama majengo, mi naziona kama masaa ya watu yaliyookolewa kwenye daladala.

Ukishaelewa hilo ndo uiangalie ramani upya. UDOM ilianza 2007 kwa mpango wa kuchukua wanafunzi 40,000, ina mabweni mengi humohumo juu ya vilima, na mji uko kando, kwa hiyo maisha yenyewe yanafanyikia ndani. Ni kubwa hiyo kampasi, kutoka koleji moja kwenda nyingine sio mwendo wa kutembea na jua lile la Dodoma, na wanaokosa vyumba wanaangukia kupanga mtaani Ng'ong'ona. Mzumbe, kampasi kuu, iko nje ya Morogoro barabara ya Iringa, jioni ukitaka kutoka utatoka uende wapi, na hapohapo ndo uzuri wake, miezi miwili unajuana na kila mtu. SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko hapohapo Morogoro chini ya milima ya Uluguru karibu kabisa na mji, na ina kampasi ya Mazimbu ambayo majengo yake yaliachwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC, mwaka 1992. Mlimani ukivuka tu una Mwenge, una Sinza, una Mlimani City pale barabarani, vishawishi vipo kweli ila na nauli ipo, na hela ya nauli ikiisha kila mtu anakuwa msomi.

Tuje kwenye hela basi, fasta tu. Bumu, yaani hela ya mkopo anayopewa mwanafunzi na HESLB, bodi ya mikopo, ile ya chakula na malazi lilipanda kutoka 8,500 kwa siku hadi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Linaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili, laki sita hivi. Wiki mbili za kwanza chuo kizima kinanukia chipsi kuku, watu wana viatu vipya, hata foleni ya kafteria inapungua. Wiki ya sita watu wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja wa saa kumi jioni umebeba asubuhi, mchana na usiku. Maana yake bata la chuoni lina msimu kama maembe, kwa hiyo usichague chuo kwa sababu ya bata la kulipia. Angalia la bure: uwanja upo, kuna pa kukaa jioni watu wakapiga stori, maktaba ina nafasi au mnagombania viti, kuna sehemu ya kutembea usiku bila kukabwa. Umbali kutoka geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, mpaka chuo saa nne usiku kwa mtoto wa kike ni jambo la kitaaluma kabisa, mana ndo litaamua kama anaenda diskasheni au anajifungia.

Na hapa nilipolitaja geto, jamani, hosteli za ndani kwenye vyuo vya serikali ni rahisi mno ukilinganisha na chumba cha mtaani ambapo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, wengine sita, na we bumu bado halijasainiwa.

Sasa fundo gumu kuliko yote. Je kukaa na watu kunakula shule?

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu Marekani, anaitwa Uri Treisman, miaka ya 1970 alikuwa chuo kikuu cha California pale Berkeley. Alikuwa anasumbuliwa na kitu kimoja, wanafunzi weusi walikuwa wanaanguka sana kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wanafaulu sana. Akawauliza walimu wenzake kwa nini, wakampa majibu yaleyale ambayo hata hapa kwetu ungepewa, hawana msukumo, wametoka shule mbovu, familia hazijali elimu. Jamaa hakuridhika, akachukua wanafunzi 20 wa kundi hili na 20 wa kundi lile akawa anawafuatilia wanavyoishi na wanavyosoma, miezi na miezi. Majibu ya walimu yote yakaanguka. Watoto weusi walikuwa na bidii, familia zinawasukuma, wengi walikuwa ndo vinara wa shule walizotoka. Ila walikuwa wanasoma peke yao. Shule huku, marafiki kule, mlango umefungwa katikati. Wanakaa masaa yaleyale waliyoambiwa na mwalimu, kama sita mpaka nane kwa wiki. Wale Wachina walikuwa wanafika kama 14, wanasoma kivyao halafu jioni wanakutana, wanapika, wanakula, wanakaguliana kazi, wanapeana maswali ya mitihani iliyopita, wanataniana mmoja akikosea. Kwao kula na hesabu vilikuwa kwenye meza moja.

Treisman akaanzisha vikundi, akawapa maswali magumu wakae wayapige pamoja, na wale waliokuwa wanaanguka wakaanza kufaulu vizuri tu.

Nikisoma habari ile huwa najiona mimi Mbagala. Mlango umefungwa katikati.

Kwa hiyo yule mpwa anayeuliza wapi kuna maisha, na mama yake anayetaka chuo cha kusoma, wanaulizia kitu kimoja bila kujua. Chuo chenye watu wa kukaa nao jioni ndo chuo ambacho utajua lekcha imehamishiwa ukumbi gani, CR (kiongozi wa darasa) kasema nini, swali la tano la asaimenti linatokea wapi. Mtu mpweke chuoni anapitwa na habari, na habari pale ndo nusu ya kufaulu.

Sijasema kila genge ni la heri, hapana. Kuna wala muda wanaojulikana, series geto kuanzia Ijumaa mchana, mikeka ya kubeti (hii imemaliza mabumu ya watu kuliko baa zote za Sinza ukiniuliza mimi). Ila kuna wala muda wanaoheshimika ambao mzazi hawezi kuwashuku hata siku moja. Kwaya yenye mazoezi jioni nne kwa wiki. Fellowship ambayo umepewa uongozi na huwezi kukataa kwa sababu ni kazi ya Mungu. Siasa za serikali ya wanafunzi, DARUSO kwa Mlimani, wakati wa kampeni mgombea haonekani darasani wiki tatu. Mi nimeimba kwaya na siijutii, nilipata humo rafiki aliyenifundisha takwimu chini ya mwembe mpaka nikaelewa, lakini nilipoombwa kuwa katibu nilisema hapana, na walininunia.

Mwaka wa kwanza ndo wa kuogopa, na hapo nitatoa hesabu tena mnivumilie. GPA yetu inaishia 5. Fasti klasi inaanzia 4.4, apa sekondi ni 3.5 mpaka 4.3, lowa sekondi 2.7 mpaka 3.4, chini ya hapo mpaka 2.0 ni pasi, na mwaka ukikuishia chini ya 2.0 unaweza kudisko ukarudi nyumbani na begi. Vyuo vingi mwaka wa kwanza unahesabika kama miaka mingine, na somo la sapu hata ukilipiga kwa alama 80 unaandikiwa C, ambayo ni pointi 2. Sasa tuseme ulikuja na wazo la "mwaka wa kwanza nazoea mazingira kwanza", ukamaliza na 2.8. Ili utoke na 3.5 kwa digrii ya miaka mitatu, miaka miwili iliyobaki lazima uwe na wastani wa 3.85. B plasi ni pointi 4. Yaani miaka miwili karibu kila somo B plasi, kufidia mwaka mmoja wa kuzoea mazingira. Inawezekana, watu wameweza, ila hapo ndo bata linakufa kwelikweli, na linakufa mwaka wa tatu ambao ndo ulikuwa umeshajua kula vizuri.

Utajuaje sasa kabla hujaenda? Usiniulize mimi, nimemaliza zamani na nina uchungu wangu. Usiulize wale wanaopita mashuleni na tisheti za chuo. Tafuta mtu wa mwaka wa pili, wa kozi ileile unayoitaka, kila familia ina binamu wa jirani wa mtu, umuulize kuhusu Jumanne. Sio Jumamosi. Jumanne ya wiki ya saba uliamka saa ngapi, ulilala wapi, pindi la mwisho liliisha saa ngapi, ulikula nini na shilingi ngapi, saa mbili usiku ulikuwa wapi na nani. Akikwambia hosteli alikosa muulize wangapi darasani kwenu walikosa. Muulize darasa ni watu wangapi, mana darasa la watu 600 na darasa la watu 40 ni vyuo viwili tofauti hata kama jina kwenye cheti ni moja. Kwenye la 40 mhadhiri anakujua jina, kwenye la 600 usipojitafutia watu utakaa miaka mitatu kama abiria.

Na muda wa kuuliza upo. Tangu 2017 maombi yanaenda moja kwa moja kwenye vyuo, unaomba kadhaa, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa ile namba maalumu (code) unayotumiwa. Watu wanahangaika sana dirisha likifunguliwa afu kwenye kuthibitisha wanabofya tu kwa jina la chuo. Hizo siku chache za kuthibitisha ndo kuchagua kwenyewe, ndo siku za kupiga simu mpaka vocha iishe.

Mpwa wangu alichaguliwa viwili. Kile chenye jina kubwa kiko Dar, na mipango ya familia tayari ilikuwa akakae kwa shangazi yake Gongo la Mboto kwa sababu hosteli hana uhakika. Cha pili kiko mkoani, kozi ileile, na binti mmoja wa mwaka wa pili alimwambia mabwenini kwao ukichelewa unalala kitanda cha juu lakini hukosi. Akakaa siku mbili hajanipigia. Ya tatu akathibitisha cha mkoani.

Jioni dada kanipigia, sauti imebadilika kidogo, ananiuliza hivi kweli umemshauri mtoto chuo cha kusoma? Nikamwambia dada, mi nimemshauri chuo chenye kitanda. Akakaa kimya, afu akauliza godoro la futi tatu siku hizi ni shilingi ngapi.